Kura Tulizokula

Mwezi uliopita mashabiki wa timu ya Ukungu waliniita Kibirichia tule pamoja chakula cha mchana. Walikuwa wameamua kuwakusanya wote waliowahi kuitumikia timu, wachezaji wa zamani, wanakamati, hata aliyekuwa akifua jezi, na mimi nikiwa miongoni mwao kwa sababu niliwahi kuwa katibu. Kabla sahani hazijaondolewa mezani, Baba Karimi, ambaye amekuwa mwenyekiti tangu nikiwa shule ya msingi, aliniwekea mkono begani akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Katibu, wewe ndio uko na kalamu. Tuandikie historia ya makocha wetu, kurasa mbili tu, tuweke kwa kijitabu. Lakini usiweke siasa." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Makocha wetu ni kumi na mmoja hadi sasa. Nimejaribu mara kadhaa kuanza na yule wa kwanza, na kila mara kalamu inanirudisha kwenye mwaka mmoja, mwaka wangu wa pili chuoni, miaka saba iliyopita, ambapo tulifukuza makocha wawili na kumharibia maisha mchezaji mmoja, na baada ya kila uamuzi tukaketi tukala. Basi nitaandika mwaka huo. Siasa sitaiweka, kwa maana siasa haikuwapo. Tulikuwapo sisi tu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Nchiru, karibu na chuo, nyuma ya duka la kuuza mkate na kadi za simu, chumba chenye dirisha moja lililotazama kamba za nguo za wanafunzi wenzangu. Nilikuwa nikisomea ualimu, Kiswahili na Historia, na mhula ule tulikuwa na somo la maadili ya kazi lililoniwasha moto kifuani. Juu ya kitanda nilibandika karatasi yenye maneno yangu mwenyewe kuhusu haki, niliyoyaandika kwa wino mwekundu, na kila asubuhi niliyasoma nikijifunga mshipi. Leo nikimkumbuka kijana yule simchukii kwa maneno yake, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Ninamchukia kwa kuwa kila Ijumaa jioni aliyaacha pale ukutani, akafunga mlango kwa kufuli, akaenda nyumbani Kibirichia kuwa mtu mwingine.

Timu iliitwa Ukungu kwa sababu uwanja wetu, ulio kwenye mteremko juu ya mashamba ya viazi, hufunikwa na ukungu hadi saa nne asubuhi. Mechi zilichezwa Jumamosi saa tisa alasiri. Jumapili, baada ya ibada, mashabiki walikusanyika katika hoteli ya Mama Kendi kuichambua mechi. Ninaposema hoteli, nina maana ya chumba kimoja cha mbao za pembeni, zile zenye gamba la mti, ambamo moshi uliingia kutoka jikoni bila kuomba ruhusa, na mabenchi yaliyokaa kwenye sakafu ya udongo yakachimba mashimo yake yenyewe. Chai ilikuja ndani ya vikombe vya bati, nzito kwa maziwa. Githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilipakuliwa kwa kijiko kikubwa kilichopinda. Watu walikuwa bado wamevalia makoti ya kanisani, wengine wakiwa na Biblia mapajani, nao waliwajadili makocha kwa ukali ambao sijauona tena popote, hata bungeni.

"Mwirigi anacheza na mabeki watano nyumbani!" alipaza sauti Kirimi, mwendesha bodaboda ambaye hakuivua kofia yake ya pikipiki hata akinywa chai. "Nyumbani, jamani! Nyumbani unaogopa nani? Mama yako?"

"Kirimi, na wewe ulicheza timu gani?" Mama Kendi alimuuliza kutoka jikoni.

"Mama Kendi, mimi sijawahi kuwa pasta, lakini mahubiri mbaya naijua."

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Mwirigi, kocha wa mwaka ule tulipouanza, alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya chini, na kosa lake lilikuwa lile lile la kila kocha aliyemtangulia. Ukungu ilicheza kipindi cha kwanza kama timu ya ndoto. Ilipasiana mpira, ilikimbia, ilifunga. Kisha, dakika ya sabini ikikaribia, wachezaji wetu wote, kana kwamba wamepewa ishara, waliinama wakashika magoti. Kutoka hapo tulifungwa bao moja, la pili, la tatu. Kila Jumapili palikuwa na maelezo mapya. Kocha hawakimbizi mazoezini. Kocha anachelewa kufanya sabu. Kocha anawaruhusu kula chapati. Kocha haombi nao kabla ya mechi. Mzee mmoja aliwahi kueleza kwa muda wa kikombe kizima cha chai kwamba Mwirigi huwapanga wachezaji wakitazama jua. Hakuna aliyesema jambo ambalo sote tulilijua, na ambalo sote, jana yake asubuhi, tulikuwa tumelisimamia kwa macho yetu.

Uamuzi wa kumfukuza kocha ulikuwa na desturi yake, nayo ni lazima niieleze, kwa kuwa ndiyo kiini cha hasira yangu. Tuliiita kura ya kiazi. Kila shabiki alikuja na kiazi kimoja kutoka nyumbani, amekificha mfukoni. Chekundu kilimaanisha kocha abaki, cheupe kilimaanisha aende. Mama Kendi aliweka beseni mezani, akalifunika kwa gunia, na mmoja mmoja tulipenyeza mkono chini ya gunia tukaacha kiazi chetu. Kazi ya katibu ilikuwa kuinua gunia na kutangaza. Kisha beseni lilipelekwa jikoni, kura zikaoshwa, zikachemshwa na maganda yake, tukazila zote kwa chumvi na pilipili, na sahani ya kwanza akapewa kocha mwenyewe, asije akaondoka na njaa. Waanzilishi walisema desturi hiyo inaondoa kinyongo, maana kura ikishaliwa hakuna atakayeulizwa aliweka ipi. Mwaka ule niliisifu desturi hiyo katika insha chuoni. Niliiita demokrasia isiyo na kisasi. Nilipewa alama nzuri sana.

Mwirigi aliondoka mwezi wa tatu. Alikula sahani yake polepole, akaomba pilipili zaidi, akatushukuru. Mimi niliandika barua yake kwa Kiswahili cha chuo kikuu: kwa masikitiko makubwa, na kwa kuzingatia maslahi mapana ya timu. Baba Karimi aliisoma mara mbili, akaikunja taratibu. "Hii sasa ni barua," alisema. "Mtu akifukuzwa hivi, anaenda akijua amefukuzwa na watu wamesoma." Nilitembea kuelekea nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi safi.

Aliyefuata alikuwa Njeru, mtu wa Embu, mwalimu wa michezo aliyehamishiwa shule moja ya karibu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye filimbi aliyoifunga kwa kamba ya kiatu, na hakuwa na subira hata kidogo. Jumapili ya kwanza aliyofika hotelini, Kirimi alimpokea kwa uchokozi. "Kocha, watu wa Embu si ni mahindi na kutafuna muguka tu? Mpira mlijulia wapi?"

"Na nyinyi ni waru," Njeru alimjibu bila kutabasamu, akimaanisha viazi vyetu, "na bado mnafungwa mkiwa mmeshiba."

Tulimpenda papo hapo. Mechi mbili za kwanza alishinda, na Kirimi alianza kusema hadharani kwamba Embu ni ndugu zetu wa damu. Kisha tukafungwa tatu mfululizo, zote baada ya dakika ya sabini, na Njeru, tofauti na Mwirigi, akataka kujua ni kwa nini. Jumamosi moja aliamka mapema akaja uwanjani kuwatazama wachezaji wakijiandaa. Hakumpata hata mmoja. Alifuata sauti ya lori.

Nilikuwa kwenye lango la nyumbani kwetu, nikiwa na sindano kubwa ya gunia na kamba, nikishona vilemba. Kilemba ni ile nyongeza ya kamba iliyosukwa juu ya gunia ili viazi vipande juu ya mdomo wake kama kilima, kinyume cha sheria, gunia moja likawa na uzito wa karibu magunia mawili. Lori la Baba Karimi lilikuwa limesimama barabarani. Alinunua viazi vya eneo zima na kuvipeleka Nairobi, na ilikuwa lazima liondoke Jumamosi ili liwahi soko la Jumapili alfajiri. Waliolipakia walikuwa wachezaji wa Ukungu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu timu ianze. Baba Karimi alitoa jezi na usafiri wa mechi za ugenini, nao wachezaji wakapakia bila malipo, na asiyeonekana kwenye lori asubuhi hakuonekana kwenye kikosi alasiri. Nasi wenye viazi, ambao kesho yake tungekaa hotelini tukihukumu, tulishukuru kwamba viazi vyetu vinapakiwa bure.

Mutwiri, kiungo wetu, alikuwa akipita langoni akiwa ameinama chini ya gunia la mama yangu. Alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na mguu wake wa kulia ulikuwa na akili kuliko vichwa vyetu vyote. Njeru alisimama akamtazama hadi alipolitua gunia kwenye lori na kurudi kuchukua jingine.

"Huyu ni namba sita wangu?" aliniuliza.

"Ndiyo, kocha."

"Anacheza saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Amebeba ngapi tangu asubuhi?"

Hakuna aliyekuwa akihesabu. Njeru aliitazama sindano iliyokuwa mkononi mwangu, kisha akasema taratibu, "Na wewe ndiwe katibu." Nilimwambia ndiyo, ingawa hakuwa ameniuliza.

Jumapili iliyofuata alikuja hotelini akiwa na ombi moja. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa imebakiza wiki sita, na klabu moja ya ligi kuu ilikuwa imeahidi kutuma watu kumtazama Mutwiri. Njeru aliomba kwamba kwa wiki hizo sita wachezaji wasipakie Jumamosi. Lori lipakiwe Ijumaa, au watafutwe watu wengine. Aliyasema hayo akiwa amesimama, kofia mkononi, kwa adabu ambayo najua ilimgharimu.

"Ijumaa waru haziwezi," alisema mzee mmoja. "Zikilala kwa lori zinapata joto."

"Na hao watu wengine ni kina nani?" akauliza mwingine. "Tutawatoa wapi?"

Kirimi aligonga meza kwa kikombe. "Wacha niseme ukweli. Kocha ni kama mbegu. Msimu wa kwanza inazaa vizuri, wa pili inachoka, unabadilisha. Hii ya Embu imechoka mapema."

Walicheka. Njeru hakucheka. "Mimi sijui waru," alisema. "Kwetu ni mahindi na maharagwe. Nisaidieni. Shamba likiwa na mnyauko, ile waru inakauka ikiwa bado kijani, mkibadilisha mbegu inapona?"

"Haiponi," walijibu karibu watu wanne kwa pamoja, wakifurahi kumfundisha mgeni. "Mnyauko unakaa kwa udongo. Hata ulete mbegu ya serikali, inanyauka."

"Basi," Njeru akasema, na sauti yake ikapanda, "mbona mnaniambia habari ya mbegu? Hawa vijana mnawavunja mgongo asubuhi, jioni mnawapigia kelele wakimbie! Ni magunia yenu! Kila mtu hapa ndani, ni gunia lake!"

Jikoni Mama Kendi aliacha kukoroga. Hao mabenchini walikuwa watu waliojua, kwa miaka mingi na kwa hasara nyingi, kwamba ugonjwa wa udongo hautibiwi kwa mbegu. Hakuna mmoja wao ambaye angefanya shambani kosa tulilokuwa tukilifanya timuni. Kwa muda wa pumzi moja nilidhani ukweli umeshinda. Kisha Baba Karimi akaweka kikombe chake chini. Hakukasirika. Baba Karimi hakasiriki kamwe, na hilo ndilo ambalo hadi leo sijui jinsi ya kulisamehe. "Kocha amesema sisi ni ugonjwa," alisema kwa upole. "Mimi sina neno. Mama Kendi, lete beseni."

Kiazi changu kilikuwa tayari mfukoni. Nilikuwa nimekichagua asubuhi nyumbani, kwenye rundo, kwa sababu sote tulikuwa tumesikia mapema ombi la kocha litakuwa nini, na magunia ya mama yangu yalikuwa yangali yanasubiri Jumamosi mbili zaidi. Kilikuwa cheupe. Nilikifuta udongo kwa kitambaa changu cha kanisani. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kubadilishana na mtu, au kuacha mkono mtupu chini ya gunia lile, na jibu ni kwamba ningeweza. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikiacha, na kilipogusa vingine kikatoa mlio mdogo.

Nilipoinua gunia, vyekundu vilikuwa vitatu. Nilitangaza. Viazi vikachemshwa. Mama Kendi alipomletea Njeru sahani ya kwanza, kocha aliichambua kwa vidole hadi akavipata vile vitatu vyekundu, vikiwa bado vinatoa mvuke, akavifunga katika leso, akavitia mfukoni, akatoka. Vingine hakugusa. "Ana maringo," Kirimi alisema, akaivuta ile sahani upande wake. Nami nilikula. Ni lazima niandike kwamba nilikula, na kwamba vilikuwa vitamu. Barua niliimaliza kabla ya kurudi Nchiru. Iliishia kwa kumtakia kila la heri katika shughuli zake za baadaye.

Kamati ikamleta kocha mpya, Gatobu, ambaye alikubaliana na kila mtu. Kirimi alipotaka washambuliaji watatu, Gatobu alisema hayo ndiyo mawazo yake kabisa. Mzee wa jua alipotaka wachezaji watazame mlima, Gatobu aliandika jambo hilo. Kuhusu lori hakusema lolote. Asubuhi ya mechi ya mwisho nilimkuta Mutwiri langoni petu, jasho likimtoka katika baridi ile, na kwa mara ya kwanza nilimwambia, "Leo pumzika bwana. Hao watu wanakuja kukuona wewe."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya kigeni. "Nikipumzika, jezi nitapewa na nani? Na wewe?" Kisha akageuza mgongo, akainama, akangoja nimwekee gunia. Nilimwekea.

Watu wawili kutoka Nairobi walikuja, wamevaa traksuti za aina moja, wakaketi kwenye benchi karibu nami kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na orodha ya majina. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Mutwiri. Aliupokea mpira kama mtu anayepokea kikombe cha chai kilichojaa, bila kumwaga, na akautuma mahali ambapo mwenzake alikuwa bado hajajua kwamba anakwenda. Mmoja wa wageni alisimama kwa pasi moja tu, akaketi, akamwambia mwenzake jambo. Nilihisi kifua changu kikipanuka. Nikajiambia kwamba pengine nilikosea, pengine mwili wa kijana unaweza kubeba yote. Kisha ikaja dakika ya sabini. Mpira ulibingirika hadi mguuni pake na hakukuwa na mtu karibu. Mutwiri aliutazama. Mguu haukuinuka. Mpira ukampita, ukatoka nje, naye akaketi chini taratibu katikati ya uwanja, mikono magotini, kama mtu anayesubiri gari.

"Toa huyo!" Kirimi alikuwa akipiga kelele nyuma yangu. "Maze kocha, toa huyo! Anatuaibisha mbele ya wageni!" Na uwanja mzima, watu ambao magunia yao yalikuwa yamepita juu ya mgongo ule tangu mapambazuko, walimzomea.

Mgeni aliniinamia. "Huyu kijana ana ugonjwa?"

"Hapana," nikasema.

"Basi ni mvivu."

Mwaka wangu wote ulikuwa umeelekea kwenye dakika hiyo. Kulikuwa na sentensi moja ya kusema, fupi, isiyohitaji Kiswahili cha chuo: amepakia lori tangu asubuhi. Mimi niliyekuwa na maneno kwa kila kocha, mimi niliyeandika maslahi mapana, sikuisema. Ningeisema, angeuliza ni viazi vya nani. Wageni waliondoka kabla ya filimbi ya mwisho. Kesho yake hotelini hatukupiga kura, kwa sababu lawama safari ile haikumwendea kocha. Ilimwendea Mutwiri. Alikuwa na kipaji, walisema, lakini hana moyo. Klabu ile haikuuliza habari zake tena, wala nyingine yoyote.

Niliporudi Nchiru jioni ile niliibandua karatasi ya ukutani. Sikuichana kwa sherehe. Niliikunja nikaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na kwa mara ya kwanza meza haikuyumba. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika sentensi kuhusu haki bila kujiuliza Jumamosi nilikuwa wapi.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa tayari mwalimu mjini Meru, nilipeleka wanafunzi kwenye mashindano ya shule Embu, na kando ya uwanja nikaisikia filimbi ninayoijua. Njeru alikuwa amenenepa kidogo. Alinikumbuka mara moja, akanisalimu kwa mikono miwili. "Ile barua yako ninayo," aliniambia. "Ilikuwa barua nzuri sana. Huwa ninaisoma darasani, ninawaambia watoto, hivi ndivyo Kiswahili rasmi huandikwa." Nilimchunguza usoni nione kama ananichoma. Alikuwa akisema kweli. Kisha akauliza, "Na namba sita?"

"Anapakia," nikamwambia.

"Na wewe?"

Filimbi ikapulizwa, timu zikaingia uwanjani, naye akaondoka kuwafuata vijana wake.

Sasa nirudi kwenye chakula cha mchana cha mwezi uliopita, kule hotelini kwa Mama Kendi. Kocha wa kumi na mmoja wa Ukungu, tangu Januari, alikuwa Mutwiri. Mgongo wake hausimami wima asubuhi, lakini anaujua mpira, na vijana wanampenda. Juma moja kabla ya sherehe alikuwa amepeleka ombi kwa kamati. Alitaka wachezaji wasipakie Jumamosi. Ndiyo maana, alipokwisha kunipa kazi ya historia na sahani kuondolewa, Baba Karimi aliongeza kwamba kuna jambo dogo la kumaliza, na kwa heshima ya siku hiyo katibu wa zamani ndiye atakayeinua gunia.

Kirimi, ambaye siku hizi ana ndevu za mvi na kofia ile ile ya pikipiki, alisimama. "Mimi na Mutwiri ni kama ndugu," alisema, "lakini kocha ni kama mbegu." Neno kwa neno. Nilipotazama huku na huku sikuona uso hata mmoja ulioshtuka.

Mama yangu ndiye aliyesimama baada yake. Alikuwa hajawahi kuzungumza katika mikutano ile. "Zangu zitapakiwa Jumatatu," alisema.

"Mama Katibu, soko ni Jumapili," Baba Karimi akamkumbusha kwa upole.

"Najua soko. Nimesema zangu ni Jumatatu." Akaketi, akajifunika vizuri kwa shali yake. Mwanamke aliyekuwa kando yake akatikisa kichwa kukubali. Ni hao tu.

Tulipiga kura. Mimi, mama akiwa amenidokeza asubuhi kuhusu kura, niliweka chekundu, na sidai sifa yoyote kwa kiazi kilichochelewa miaka saba. Nilipoinua gunia, beseni lilikuwa jeupe kama ukungu wenyewe, na vyekundu tisa. Nilitangaza kwamba Mutwiri amefukuzwa. Mama Kendi alinyoosha mikono achukue beseni alipeleke jikoni, na mikono yangu haikuliachia.

"Katibu, lete," alisema. "Maji yamechemka."

"Hizi hazipikwi."

"Unasema?"

"Hazipikwi. Leo hazipikwi."

"Wewe kijana," Baba Karimi akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliisikia sauti yake ikikwaruza, "hiyo ni desturi ya watu. Utakula nini na watu wakila?" Kirimi alisimama mlangoni kama anayetaka kunizuia, kisha akakosa la kufanya na mikono yake. Mutwiri alikuwa ameketi pembeni, mahali pa kocha, akingoja sahani yake ya kwanza. Nilipompita alinyanyua macho. "Umechelewa," aliniambia. "Lakini beba."

Nimebeba. Beseni liko hapa, chini ya meza ninayoandikia, katika chumba changu mjini Meru. Viazi vyetu ni vya mbegu isiyokaa sana kabla ya kuchipua, na baada ya majuma haya machache macho yake yametoa machipukizi, vyeupe kwa vyekundu, kila kimoja kikinyoosha shingo kutafuta mwanga. Baba Karimi amenitumia ujumbe mara mbili akiuliza historia iko wapi, na mara moja akiuliza beseni. Beseni la Mama Kendi nitalirudisha. Historia ndiyo hii, na ichapishwe ilivyo au isichapishwe kabisa. Anayetaka kuitambua kura yake aje aitazame; mlango wangu hauna kufuli tena. Ila yangu nyeupe ya mwaka ule asiitafute humu. Hiyo tuliila.